Majibu kwa Wasomaji: Wasifu wa Bibi Uandikweje?

Barua zilizofika mezani safari hii zimekutana katika jambo moja. Wasomaji watano, kila mmoja kwa sababu yake, wanauliza namna ya kumkumbuka bibi ambaye maisha yake yote yalikuwa ya kuwahangaikia wanawe na wajukuu wake. Wanne wameshawazika bibi zao, na mmoja bado anaye. Barua ya kwanza nimeijibu kwa kirefu kwa kuwa ndani yake mna maswali kadhaa yaliyofungwa pamoja. Nyingine zimepata nafasi kadiri maswali yake yalivyohitaji. Zote zimefupishwa.

Shikamoo mama. Bibi yetu mzaa mama alifariki mwezi uliopita, na ukoo umeniteua mimi, kwa kuwa ni karani, niandike wasifu utakaosomwa siku ya arobaini. Nimeandika kwamba alikuwa mcha Mungu, mpole, mwenye upendo na aliyejitoa kwa ajili ya familia yake, kisha kalamu ikakwama. Tunachojua ni kwamba aliletwa akiwa mtoto kutoka Kigoma na baba yake aliyekuja kukata mkonge, akaolewa huku huku, akafiwa na mume mapema, akauza vitumbua mpaka magoti yalipokataa, na akatulea wajukuu tulioachwa kwake. Kitambulisho chake kinasema alizaliwa Julai 1, 1938, lakini mama mkubwa anasema bibi alikuwa akisimulia kwamba alivunja ungo kabla vita vya Hitler havijaisha. Niandike mwaka upi, na niandike nini baada ya sentensi yangu ya kwanza?
Mjukuu, Muheza

Marahaba mwanangu, na poleni sana kwa msiba. Kalamu imekwama kwa sababu maneno uliyoanza nayo hayana mtu ndani yake. Jirani yako akibadilisha jina anaweza kuyasoma katika msiba wa bibi yake, na waombolezaji wakaitikia vilevile bila kushtuka. Yaache kwanza. Katika barua yako umetaja vitumbua, na hapo ndipo ningeanzia mimi.

Mwanamke anayeuza vitumbua asubuhi huianza kazi yake tangu jana. Mchele huoshwa na kulowekwa, hutwangwa au hupelekwa mashineni, huchanganywa na tui, sukari, hamira na iliki, kisha rojo huachwa liumuke wakati wengine wamelala. Saa kumi alfajiri moto umeshawaka, chuma kiko mafigani, na kila kishimo kinatiwa mafuta kidogo kabla ya rojo kumiminwa. Akizembea kugeuza, vile vya katikati vinaungua. Sasa waulize waliolala katika nyumba ile. Nani alikuna nazi? Nani alishika kibatari? Nani alibeba beseni mpaka penye wateja kabla ya kukimbilia shule, na alichapwa mara ngapi kwa kuchelewa? Vilivyoungua vililiwa na nani? Kisha ulizeni habari ya fedha, kwa maana wasifu nyingi za bibi zetu huiruka kana kwamba ni jambo la aibu. Fedha ya vitumbua ilifungwa kwenye pindo la kanga, na ndani ya fundo lile mlikuwa na mchele wa kesho, daftari za shule, mafuta ya taa na zamu ya upatu. Ukiweza kuandika kwamba sare ya shule ya mama yako ilinunuliwa kwa upatu wa mwaka fulani, na kwamba mwaka huo bibi mwenyewe hakushona nguo ya Idi, hutahitaji tena kusema kwamba alijitoa, kwa sababu kila aliyekaa jamvini atakuwa ameona.

Usiishie kwa watu wa nyumbani. Watoto na wajukuu humjua bibi kama mtu wa kutoa, lakini mwenye duka aliyemkopesha mchele, wanawake aliocheza nao upatu na wateja waliokula vitumbua kwa mkopo walimjua mwanamke mwingine kabisa, anayepanga bei, anayekumbuka deni na anayejua kulidai bila kugombana. Nenda kwao na daftari. Kama msiba wenu ulihudhuriwa na watani, wafuate na hao. Pale penye utani wa makabila, kama ule wa Wahehe na Wangoni au wa Wanyamwezi na Wazaramo, mtani huja msibani akaigiza mwendo wa marehemu, sauti yake, ubahili wake na namna alivyokuwa akifukuza kuku, na waliokuwa wakilia wanajikuta wanacheka. Mara nyingi nimeona kwamba dakika tano za mtani zina ukweli kuliko kurasa tatu zilizopigwa chapa. Mtani haogopi kusema kwamba marehemu alikuwa mkali.

Nawe usiogope sana. Sisemi uyaanike mambo ya ndani ya ndoa au ugomvi wa mashamba, maana wapo walio hai watakaoumia, na siku ya arobaini si siku ya kesi. Lakini bibi aliyewahi kumrudisha mjukuu njia nzima kwa sababu alipita kwa wazee bila kuamkia ni bibi anayekumbukika, na bibi ambaye hakuwahi kukasirika hakuna anayemwamini.

Jambo jingine ambalo waandishi wa wasifu hulikosea ni hesabu ya uzao. Imekuwa desturi kufunga kwa kusema marehemu ameacha watoto kadhaa, wajukuu kadhaa, vitukuu na vilembwe, na hesabu hiyo hufanywa haraka haraka na mtu mmoja usiku wa kuamkia shughuli. Matokeo yake ni kwamba watoto waliotangulia mbele ya haki husahaulika, ilhali bibi hakuwasahau hata siku moja, na wale aliowalea bila kuwazaa huachwa nje, wakakaa jamvini wakisikia majina ya wenzao yakisomwa. Umeniambia bibi yako alilea wajukuu walioachwa kwake. Kama kati yao alikuwapo mtoto wa jirani, wa mke mwenza au wa rafiki wa kambini, jina lake liandikwe pamoja na mengine, na usisubiri kikao cha ukoo kukupa ruhusa.

Sasa tuje kwenye mwaka. Tarehe kama Julai 1 au Januari 1 katika nyaraka za wazee wetu aghalabu ni tarehe iliyojazwa na mwandikishaji kwa sababu mzee hakuijua siku yake, na mwaka wenyewe huwa ni makisio. Kama bibi alivunja ungo kabla ya mwaka 1945, basi hakuzaliwa mwaka 1938, kwa kuwa angekuwa mtoto wa miaka saba. Mwanzoni mwa miaka ya 1930 ndiko kunakoelekea. Usiridhike na kumbukumbu moja, hata hivyo. Tafuta nyingine ya kuipima. Mtoto wake wa kwanza alikuwa na umri gani siku ya Uhuru, Desemba 9, 1961? Alikuwa kazini, nyumbani au mgongoni? Je, bibi alikuwa na kadi ya TANU? Chama kilianzishwa Julai 1954, na kuanzia mwaka uliofuata Bibi Titi Mohamed aliwahamasisha wanawake wengi wajiunge, kwa hiyo kadi ya zamani iliyosahaulika chini ya sanduku inaweza kuwa na tarehe ya kweli kuliko kitambulisho. Alijifunza kusoma kwenye kisomo cha watu wazima? Mwaka 1970 ulitangazwa kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, na bibi wengi huukumbuka kwa daftari na kalamu walizoshika kwa mara ya kwanza wakiwa na watoto mgongoni.

Na mkonge wenyewe ni kalenda. Mmea huo uliletwa na Mjerumani Richard Hindorf mwaka 1893, ukaifanya Tanga kuwa kitovu cha mashamba makubwa yaliyovuta manamba, yaani vibarua wa mkataba, kutoka Kigoma, Songea, Mbeya na hata nje ya mipaka, na kufikia mwanzoni mwa miaka ya 1960 Tanganyika ilikuwa inaongoza duniani kwa mkonge. Kisha nyuzi za viwandani zikaingia sokoni, bei ikaanguka, na mwaka 1967, baada ya Azimio la Arusha, mashamba mengi yakataifishwa. Uliza kama vitumbua vilianza kabla ya hapo au baada ya hapo, na kama babu alikuwa hai. Jibu litakuonyesha kama biashara ile ilikuwa nyongeza ya mshahara wa mume, au ndiyo iliyokuwa mshahara wenyewe.

Ukishapima yote hayo, andika katika wasifu kwamba alizaliwa Kigoma mwanzoni mwa miaka ya 1930, na utaje kwa sentensi moja mlivyokadiria. Nyaraka za serikali ziacheni kama zilivyo. Cheti cha kifo kifuate kitambulisho, kwa maana nyaraka zikipishana mtasumbuka wakati wa kushughulikia mirathi. Wasifu usizidi kurasa mbili zilizoandikwa kwa mkono, na kabla ya siku yenyewe umsomee mama mkubwa kwa sauti, kwani kosa la jina la mtu ni heri likasahihishwe jikoni kuliko hadharani.

Assalaam alaykum. Bibi yetu alizaliwa Unguja na alikuja huku Muscat miaka ya 1970 pamoja na mumewe. Alitulea sote kwa Kiswahili, akatufunza kupika mkate wa kumimina na kusalimia wakubwa, ingawa leo wadogo zangu wanaelewa tu na kujibu kwa Kiarabu. Amefariki mwaka jana. Katika simu yangu nina ujumbe wake mwingi wa sauti, na ninataka kuandika habari zake kwa ajili ya watoto wetu, lakini kuna miaka ambayo hakuwahi kuizungumza, nayo ni ile ya kuanzia Mapinduzi mpaka alipoondoka. Niijaze vipi?
Mjukuu wa kike, Muscat

Waalaykum salaam, na Mwenyezi Mungu amrehemu bibi yenu. Nianze na sauti, kwa sababu hiyo ndiyo iliyo hatarini. Ujumbe wa sauti wa WhatsApp hukaa ndani ya simu, na simu ikiibiwa, ikaanguka majini au ikabadilishwa bila kuhifadhiwa nakala, umekwenda. Leo hii, kabla hujaandika hata mstari mmoja, uhamishe wote kwenye kompyuta, uweke nakala nyingine kwenye diski ya pembeni, na nakala ya tatu umpe ndugu anayeishi nyumba nyingine. Kila faili ulipe jina lenye tarehe na jambo analolisema: "anauliza kama nimekula", "anamsema fundi bomba", "anaelekeza tui zito na jepesi". Usifute ule unaouona ni wa upuuzi. Ujumbe ambao ndani yake anakohoa, anamwita paka na kusahau alichotaka kusema ndio ambao wanao watauomba wasikilizishwe mara ya pili.

Halafu keti na wadogo zako, muuandike kwa Kiswahili neno kwa neno kama alivyotamka, kwa lafudhi yake ya Unguja, bila kumsahihisha. Tafsiri ya Kiarabu iwekwe pembeni kwa watakaoihitaji. Mtu anayeelewa lugha bila kuisema huanza kuisema anapolazimika kubishana juu ya kile bibi alichosema hasa.

Kuhusu miaka aliyoinyamazia, ushauri wangu ni kwamba msiijaze. Mapinduzi ya Januari 12, 1964 yaliwakuta watu wa Unguja katika hali tofauti sana, na waliofika Oman baada ya Sultani Qaboos kushika madaraka mwaka 1970 na kuwafungulia milango Waomani waliokuwa ng'ambo, kila mmoja alikuwa na njia yake na sababu yake ya kusema au kunyamaza. Ukichukua simulizi ya jumla ukambandika bibi yako, utakuwa umemwandikia maisha ya mtu mwingine. Andika kwamba alizaliwa mtaa fulani, alisoma chuo kwa mwalimu fulani, aliolewa mwaka fulani, kisha useme wazi kwamba juu ya miaka ya kuanzia Mapinduzi mpaka alipoondoka hakutusimulia na sisi hatukumshurutisha. Wapo wazee wenzake huko huko Muscat, na pengine wapo nduguze waliobaki Unguja, ambao wanaweza kukuambia mambo waliyoyaona kwa macho yao. Hayo yaandike kwa jina la aliyeyasema, kama neno lake yeye.

Mwalimu, habari za kazi. Bibi yetu anatimiza mwaka mmoja tangu tumzike kihambani, yaani kwenye shamba la nyumbani. Baba zetu wadogo wanataka kaburi lijengewe marumaru, fulana zichapishwe zenye picha yake, na tangazo litolewe gazetini; kila mjukuu ametozwa mchango, hata walio masomoni. Wengine tunaona ni kujionyesha. Wewe wasemaje?
Mjukuu wa saba, Moshi

Siingilii mifuko ya watu, lakini mwanafunzi asiye na kipato kumtoza mchango wa marumaru ni jambo ambalo bibi mwenyewe, kama alikuwa bibi wa kawaida wa Kichaga aliyekuwa akimfungia mjukuu ndizi na maharage arudi nayo shuleni, angelikataa kwa sauti ya juu. Misa ya shukrani haina gharama kubwa. Kaburi lisafishwe, msalaba uwe imara, na jina liandikwe sawasawa pamoja na la ukoo aliozaliwa, si la mumewe peke yake, kwa maana makaburi mengi ya bibi zetu hayasemi walikuwa binti za nani.

Tangazo la gazeti sina ugomvi nalo. Ninacholalamikia ni kwamba yote yanafanana: picha ya pasipoti, "mwaka mmoja umetimia tangu ulipotutoka", orodha ya wanaomkumbuka, na mstari wa kitabu cha Ayubu kwamba Bwana alitoa na Bwana ametwaa. Nafasi mnailipia, basi itumieni kutaja jambo moja aliloliacha ambalo bado linatumika, kama mfereji aliodai upite kwake au kisima cha jirani alichokitetea. Na kwa kuwa Desemba nyote mtakuwa nyumbani, pigeni hesabu upya: fedha ya fulana zinazovaliwa siku moja inatosha kuchapisha kijitabu chenye kumbukumbu ya kila mjukuu, hata ile ya mistari miwili.

Shikamoo. Nimemuuguza bibi mzaa baba kwa muda mrefu mpaka alipofariki. Kabla hata ya arobaini shangazi zangu wamefungua sanduku lake na kugawana kanga. Nilitaka doti moja tu ya kumbukumbu, nikaambiwa mjukuu si mrithi. Ni kweli? Na kuna akina mama wa upatu wamekuja kudai.
Muuguzaji, Temeke

Marahaba binti yangu, na Mungu akulipe kwa uuguzi huo, kwa maana waliomshika bibi usiku hawakuwa wengi. Kwa sheria ya mirathi ya Kiislamu, mjukuu ambaye baba yake yu hai hahesabiwi miongoni mwa warithi, hilo ni kweli. Lakini ni kweli vilevile kwamba kanga ni mali ya marehemu kama ilivyo nyumba, na mali ya marehemu haigawiwi kwa kuwahiana sandukuni. Gharama za mazishi hutangulia, hufuata madeni, kisha wasia ambao hauzidi theluthi, ndipo warithi wagawane. Akina mama wa upatu, kama bibi alishapokea zamu yake na hakumaliza kuchangia, wana haki ya kulipwa kabla ya shangazi yeyote kujifunga kanga ile. Baba yako ni mrithi. Mwombe yeye akutolee katika fungu lake, au warithi wote waridhie kukupa. Kama bibi alitamka mbele ya mashahidi kwamba doti fulani ni yako, huo ni wasia, na unafaa kwako kwa sababu hiyo hiyo kwamba wewe si mrithi. Mpelekeeni shehe mnayemwamini ili shauri liishe bila kelele.

Ukiipata, usiifungie kwenye mfuko wa plastiki, kwa maana joto la Dar es Salaam na unyevu wake vitaotesha kuvu. Ifue, ianike kivulini, ikunje pamoja na karafuu, na mara kwa mara uifungue na kuikunja upya ili isichakae kwenye mikunjo. Mimi ningeivaa. Kanga haikutengenezwa ikae makumbusho. Andika pia bibi aliinunua lini na kwa sababu gani kama unajua, na usione haya endapo jina la kanga hiyo lilikuwa kijembe cha kumrushia jirani. Akina mama wa pwani wamesemeana kwa kanga kwa miaka mingi, na bibi aliyelea familia nzima alikuwa pia na mambo yake ya mtaani.

Picha zake za zamani nazo zishughulikieni. Ile iliyogandamana na kioo cha fremu isibanduliwe, kwani uso utabaki kwenye kioo. Ipigeni picha ikiwa humo humo, kivulini, bila mwanga wa simu, kisha nyuma ya kila picha andikeni kwa penseli laini majina ya walioketi kutoka kushoto. Shangazi mkubwa ndiye anayewajua, kwa hiyo malizeni ugomvi wa kanga mapema.

Mhariri, bibi yangu yu hai, ana zaidi ya miaka themanini, na akili yake ni timamu. Ninataka nirekodi maisha yake, ila kila nikimwomba anisimulie ananijibu, "Maisha gani, mume wangu? Nimelima tu." Nifanyeje?
Mjukuu wa kiume, Songea

Una bahati ya aina mbili, kwamba yu hai na kwamba anakuita mume wake. Utani wa bibi na mjukuu unakufungulia mlango ambao mama yako hawezi kuupita. Mzazi hamuulizi mama yake alichumbiwa vipi, alimkataa nani kabla ya babu, na alitoroka nyumbani mara ngapi; mjukuu anaweza, na bibi atacheka na kujibu, hasa ukijitia wivu.

Anapokuambia amelima tu, mpokee hapo hapo alipo. Muulize shamba la kwanza lilikuwa upande gani wa mto, alilima na nani, jembe lilitoka wapi, na mtoto mchanga alilazwa wapi wakati yeye analima. Muulize nyumba yao ilikuwa wapi kabla ya watu kuhamishiwa vijijini katika miaka ya 1970, waliacha nini nyuma walipohama, na mti gani wa matunda alikwenda kuuchuma tena kwa siri. Muulize habari za kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973, nani alichimba choo. Na kwa kuwa ninyi ni watu wa Songea, muulize bibi yake yeye alimsimulia nini juu ya Vita vya Majimaji, kwa sababu mtu aliyezaliwa miaka ya 1930 au 1940 alilelewa na watu walioishi wakati Wajerumani waliponyonga viongozi wa Wangoni mwezi Februari 1906, na njaa iliyofuata vita hiyo ilikumbukwa majumbani kwa miaka mingi. Historia hiyo ina makumbusho yake mjini kwenu. Aliyoambiwa bibi yako mafigani yanaweza kuwa hayapo humo.

Usimwekee simu usoni. Ilaze mezani au juu ya kinu, izime milio, umsaidie kupukuchua mahindi au kuchambua maharage, kwa maana mikono ikiwa na kazi mdomo haujihadhari. Vikao viwe vifupi, na akichoka uache hata kama umefika penye utamu. Kesho yake mchezeshee alichokisema jana mbele ya dada yake au jirani wa rika lake, kisha uwashe tena kurekodi, kwa sababu watabishana juu ya jina la mume wa fulani na mwaka wa mvua fulani, na katika kubishana huko utapata yale ambayo usingejua hata kuyauliza.